Old Kampala hadi Port Bell: uzoefu wangu na matembezi ya reli ya zamani

Nililipa shilingi elfu sabini ili nitembezwe Kisenyi, na nyumbani bado wananicheka. Kisenyi ndiko tunakonunua unga. Lakini niseme mapema kwamba pesa hazikupotea, ila zilifanya kazi pasipotangazwa. Tangazo lilisifu "stesheni za kale za reli", na stesheni ndizo zilizokuwa sehemu dhaifu kuliko zote. Utamu ulikuwa mitaani, njiani kuziendea hizo stesheni. Anayetaka kujiandikisha ajiandikishe kwa ajili ya mitaa.

Matembezi haya hufanyika Jumamosi, kwa kawaida kwa Kiingereza na Kiganda. Sisi tulibahatika. Kundi la Wakenya wanaofanya kazi Kampala lilikuwa limeomba siku ya Kiswahili, nasi wengine tukadandia. Kulikuwa na mume na mke kutoka Bukoba, wanafunzi wa Makerere, mama mmoja Mnubi wa Bombo aliyetembea kutushinda sote, na mimi niliyekulia Tororo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na hakuna anayegeuka kukutazama ukikizungumza.

Tulikutana saa mbili asubuhi nje ya geti la Msikiti wa Taifa, juu ya kilima cha Old Kampala. Kiingilio cha msikiti kimo ndani ya ile elfu sabini, pamoja na chupa ya maji, chai ya saa nne na kosta ya kutupeleka bandari ya Port Bell mwishoni. Wanawake waliokuja na suruali walipewa shuka za kujifunga na vitambaa vya kichwa, kwa adabu na bila makelele. Kisha tukapanda mnara. Ngazi ni 304. Hapo kundi lilijigawa lenyewe: vijana wa Makerere mbele, wenye vitambi nyuma, na yule mama wa Bombo katikati akihesabu kwa sauti ili tusidanganyane.

Huko juu ndipo dada aliyetuongoza alipoonyesha kwamba kazi yake anaijua. Hakuanza na tarehe. Alitutaka tutazame vilima kwanza: Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga la Wakatoliki, Mengo ya Kabaka (mfalme wa Buganda), Kibuli na msikiti wake, Nsambya ya mapadri wa Mill Hill, Nakasero ya serikali. Kila kilima na mwenyewe. Kisha akasema, sasa tazameni chini. Mabondeni ndiko uliko mfereji wa Nakivubo, ndiko yaliko masoko, maegesho ya teksi, na reli. Garimoshi halipendi mlima, kwa hiyo reli ilipitishwa kwenye tope ambalo hakuna mkubwa aliyelitaka, na vibarua wake wakaishi kandokando ya tope hilo. Nimeishi Kampala miaka mingi na sikuwahi kuitazama hivyo. Sasa nikikwama kwenye foleni pale Clock Tower najikuta natafuta kilima ni cha nani.

Habari za kilima chenyewe alizieleza taratibu. Lugard, afisa Mwingereza, alifika hapa Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa, akapiga kambi na kujenga ngome. Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana Mengo, bunduki yake ya rashasha ya Maxim ilisaidia sana kuamua nani ashinde. Mwaka 1908 Makumbusho ya Uganda yalianzia kwenye ngome hiyo hiyo, kabla ya kuhamia Makerere na hatimaye Kitante. Leo kilele ni cha msikiti, ambao ulianza enzi za Rais Idi Amin, ukakwama miaka na miaka, ukamaliziwa kwa fedha za Libya ya Gaddafi.

Alichonifurahisha zaidi ni kwamba alimrudisha Lugard nyuma kwenye foleni. Kabla yake walishafika watu wa pwani. Ahmed bin Ibrahim alikuwa kwenye baraza la Kabaka Suna mwaka 1844. Baada yake akaja Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kazeh, ambako siku hizi ni Tabora. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikijua Kiswahili na alifunga Ramadhani miaka kadhaa. Jijini kuna barabara yenye jina la huyo Snay, na nimekuwa nikipita hapo bila kujiuliza ni nani. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili Kampala hili lina uzito wake, maana tumezoea kuambiwa kwamba lugha hii ililetwa na wanajeshi, na wengine huongeza: na majambazi.

Tuliposhuka tuliingia mitaa ya Old Kampala yenyewe, na hapa hatukuharakishwa. Ni mitaa ya maduka ya Wahindi: duka chini, makao juu, veranda mbele ya kujikinga na mvua, na kwenye ukuta wa juu kabisa jina la familia au mwaka wa kujengwa, vimechongwa kwa saruji. Mwenye haraka haangalii juu. Dada alitusimamisha ng'ambo ya barabara na kutufundisha kutazama kuanzia orofa ya pili kwenda juu, kwa sababu chini kote kumekwisha kubadilishwa na mabango ya simu na milango ya chuma.

Hapa ndipo nilipomsikia akirekebisha jambo ambalo watu wengi hulikosea, hata mimi. Tunasema Wahindi wa maduka ni watoto wa waliojenga reli. Walioletwa kutoka India kujenga reli kuanzia Mombasa mwaka 1896 walikuwa kama 32,000. Wengi wao mkataba ulipokwisha walirudi kwao, karibu 2,500 walikufa, na waliobaki Afrika Mashariki hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi walikuja baadaye, kwa nauli zao, wakiifuata reli. Wengine waliitangulia: Allidina Visram alikuwa na maduka kwenye njia ya misafara tangu Bagamoyo, akafika Kampala kabla ya garimoshi, na alipofariki mwaka 1916 biashara yake ilikuwa imeenea Uganda nzima.

Halafu ikaja 1972, siku 90 ambazo Amin aliwapa Waasia waondoke nchini. Hapo dada hakupaza sauti wala hakutufanyia maigizo. Alituonyesha tu ukuta ambao jina la mwenyewe limepakwa rangi tena na tena, lakini herufi bado zinachungulia. Alieleza jinsi majengo yalivyowekwa chini ya bodi ya mali za Waasia waliofukuzwa, jinsi sheria ya miaka ya 1980 ilivyofungua njia ya kuyarudisha, na jinsi kazi kubwa ya kurudisha ilivyofanyika miaka ya 1990. Mzee mmoja fundi cherehani, aliyekaa verandani pale pale tulipojazana, aliacha kushona akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na sisi wapangaji mtatusimulia lini?" Dada alimjibu kwa heshima, "Mzee, ukikubali, mwezi ujao wewe ndiye utakayewasimulia." Sijui kama alikubali, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi tuliyouliza sisi tuliolipa.

Kisenyi tulipita haraka, na nadhani ni makosa ya ratiba. Palikuwa na chai ya viungo na sambusa kwenye hoteli ya Wasomali, vinu vya mahindi vikinguruma hadi dada akawa anasimulia kwa mikono, na vumbi la unga kwenye kope za kila mtu. Tukaonyeshwa upande wa Nakivubo, uwanja ulioanza mwaka 1926, na tukakumbushwa kwamba Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, ambaye soko la Owino limepewa jina lake, aliuawa huko Nakivubo Novemba 1885. Muuza maharage mmoja alipotusikia tunazungumza Kiswahili alimuuliza Mkenya mmoja wetu kama sisi ni askari. Alipoambiwa ni watalii alicheka mpaka akaketi.

Kisha Clock Tower, mnara wa saa wa ukumbusho wa ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, na hapo kwa mara ya kwanza tukaikanyaga reli yenyewe. Nafasi kati ya vyuma viwili ni mita moja kamili. Mwanafunzi mmoja alipima kwa hatua, hakuamini. Dada alitueleza safari yake kwa ufupi uliotosha: kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaishia ziwani. Uganda, ambayo ndiyo iliyoipa reli jina, haikuwa na hata kipande cha chuma kwa miaka mingine kumi na moja, hadi ile njia fupi ya Jinja kwenda Namasagali mwaka 1912, iliyojengwa kwa ajili ya pamba ya Busoga. Njia kuu ilizungukia Nakuru, Eldoret na Tororo kwetu, ikavuka Nile pale Jinja kwa daraja la chuma, ikaingia Kampala mwaka 1931. Mwaka 1956 ikafika Kasese kuifuata shaba ya Kilembe. Upande huo wa magharibi ndio tuliokuwa tumesimama juu yake, na siku hizi hauna treni ya abiria.

Sasa Nsambya. Hapa ndipo elfu sabini yangu ilipojilipa.

Nyumba za reli za Nsambya sehemu kubwa imebomolewa, na palipokuwa na mistari ya vyumba pana kuta za mabati na majengo mapya. Mtu akienda peke yake hataona kitu. Lakini waandaaji walikuwa wamemwalika mzee mmoja mstaafu wa reli, akatungoja chini ya mwembe na viti vya plastiki. Yule bwana wa Bukoba alimwamkia, "Shikamoo mzee," mzee akaitikia, "Marahaba," kisha akatugeukia sisi wengine na kusema ni siku nyingi hajaamkiwa hivyo hapa, labda sisi wa Kampala tumelelewa na boda boda.

Kazi yake ilikuwa yadi, kubadilisha njia za treni. Akachora kwa fimbo kwenye vumbi. Njia ni moja tu, akasema, treni mbili zikitazamana hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwa hiyo stesheni nyingi ndogo za Uganda hazikuwekwa pale kwa sababu ya abiria. Ziliwekwa ili treni zipishane. Dereva hakuruhusiwa kutoka bila kukabidhiwa kibali cha kipande cha njia kilicho mbele yake, na bwana stesheni hakutoa kibali mpaka mwenzake wa mbele amjibu kwamba njia ni tupu. Nimepanda na kushuka kwenye vistesheni vya namna hiyo utotoni, nikidhani kila kimoja kina kijiji chake kikubwa nyuma ya migomba. Mzee alinimalizia fumbo la miaka arobaini kwa mistari miwili ya vumbi.

Alieleza pia nani aliishi wapi. Wazungu walipewa nyumba za bustani, Wahindi makarani na mafundi walipewa za kati, Waafrika vyumba vya mstari, choo cha pamoja, bomba la pamoja. Ndani ya treni ilikuwa hivyo hivyo, daraja la kwanza, la pili na la tatu, ingawa tikiti haikuandikwa rangi ya mtu. Katika vyumba vile vya mstari walikaa Waluo, Wasamia, Waluhya, Wateso, Waganda, Wakamba, na lugha iliyowaunganisha ni hii tunayoizungumza. "Mtoto akizaliwa hapa," alisema, "mama yake anamwimbia kwa lugha ya kwao, lakini akianguka analia kwa Kiswahili."

Mwaka 1970, serikali ya Obote ilipoamua kwamba kazi kama zile za reli ziwe za raia wa Uganda, maelfu ya Wakenya waliondoka. Mzee ni Msamia, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Alisema jirani yake wa ukuta mmoja alifungasha na kwenda, naye akabaki, na tofauti yao ilikuwa upande gani wa mto baba zao walizaliwa. Wale Wakenya wa kundi letu walinyamaza hapo. Mmoja aliuliza kama waliwahi kuonana tena. "Kwa barua," mzee akajibu, akaendelea kuhusu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la pamoja la reli likagawanywa vipande vitatu, kila nchi ikivutia kwake injini na mabehewa. Alizungumzia injini za mvuke za Garratt, zile za daraja la 60 zilizokuwa zimepewa majina ya magavana, kama mtu anavyozungumzia ng'ombe wake: hii ilikuwa mkaidi, ile ilikunywa maji mno.

Tulitakiwa kukaa naye nusu saa. Tulikaa zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyelalamika. Tuliporuhusiwa kumpa chochote, alikataa bahasha mbele ya watu, akapokea baadaye kando, kama inavyopasa. Waandaaji wangefanya vema kumlipa wao wenyewe, hadharani, na kutuambia kwamba wanamlipa.

Baada ya hapo ni kushuka. Stesheni ya Kampala tuliiona kwa nje. Waandaaji hawakuwa wameomba ruhusa ya kuingia kwa kundi na kamera, kwa hiyo tulisimama upande wa barabara, magari yakitupulizia moshi, dada akisimulia kwa kidole. Hii ndiyo stesheni iliyoahidiwa kwenye tangazo kwa picha kubwa. Alifanya awezavyo. Alitueleza jinsi treni za abiria zilivyokufa miaka ya 1990, na jinsi ile ya asubuhi na jioni kwenda Namanve ilivyofufuliwa Desemba 2015, ikasimama, ikarudi tena 2018. Mimi ningeipanga siku hii iwe ya kazi, si Jumamosi, tumalizie kwa kupanda treni hiyo pamoja na watu wanaotoka kazini. Nauli yake ni ndogo, na hakuna wa kuombwa ruhusa, tikiti ndiyo ruhusa.

Port Bell tulikwenda kwa kosta, na foleni ya Nakawa ilikula muda. Kihistoria hapa ndipo palikuwa mlango wa Kampala. Kabla ya 1931 mtu wa Mombasa alipanda treni hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli, akashukia gati hili lililopewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa mtawala wa Uganda tangu 1906. Reli ya hapa ina jambo moja la ajabu: haiishii ukutani, inaingia ndani ya meli. Mabehewa husukumwa moja kwa moja hadi tumboni mwa feri na kuvushwa hadi Mwanza au Kisumu. Kati ya feri za Uganda, Kabalega ilizama mwaka 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa. Ningependa sana kuona mahali chuma kinapokutana na maji. Tuliona geti. Ruhusa tena. Tukala samaki wa kukaanga Luzira, wazuri kwelikweli, kwa pesa zetu wenyewe, maana chakula cha mchana hakimo kwenye bei.

Mambo madogo ya kumsaidia atakayekwenda. Tangazo linasema matembezi huchukua muda wa saa nne, sisi tulimaliza karibu saa kumi alasiri. Kwa miguu ni kama kilomita sita, tambarare kwa sehemu kubwa ukiondoa mnara na mteremko wa Old Kampala, lakini jua la saa sita halina huruma na kivuli ni kidogo kuanzia Kisenyi hadi Nsambya. Viatu vya kufunika, kwa sababu ya mataruma, kokoto na matope ya kando ya mfereji. Choo safi ni msikitini na pale penye chai, baada ya hapo omba Mungu. Simu iweke mfuko wa mbele ukifika Clock Tower. Dada alitumia kipaza sauti kidogo cha mkononi ambacho waliokaa nyuma hawakukisikia kabisa, na hakuna aliyekuwa nyuma ya kundi kuhakikisha hatupotei. Mwanafunzi mmoja alibaki Owino akinunua jaketi, na hatukujua mpaka Nsambya. Alitukuta kwa boda, jaketi mkononi, amelipata kwa bei nzuri.

Mzazi mwenye mtoto mdogo asimlete. Mtoto wa shule ya sekondari, ndiyo, na amkalishe karibu na yule mzee. Asiyeweza kulipa elfu sabini anaweza kufanya nusu ya kwanza mwenyewe: mnara wa msikiti una kiingilio chake, na shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limechapisha ramani ya majengo ya kihistoria ya Kampala ambayo inakutosha kwa Old Kampala na Mengo. Nusu ya pili, ya Nsambya, hakuna ramani itakayokupa.

Nyota nne kati ya tano kwa dada na kwa mzee, mbili kwa waliopanga ratiba. Sasa wanatangaza matembezi ya Jinja, na kwenye picha wameweka lile daraja la reli juu ya Nile. Nimewaandikia swali moja tu: ruhusa ya kuingia mmeshapata? Wakinijibu ndiyo, nalipa siku hiyo hiyo.